Madoa ya Siku ya Mashujaa

Sura ya Nne

Historia ya upelelezi haijawahi kuandika kesi iliyoanzia kwenye upara. Hii ndiyo ya kwanza, na iandikwe kwa heshima zote.

Asubuhi ile, siku moja baada ya Siku ya Mashujaa, Mkuu wa Shule, Mwalimu George, alipanda jukwaani kuongoza paredi akiwa amevaa kofia ya pama. Hakuna aliyewahi kumwona na kofia. Upepo wa Bugarama hauheshimu cheo: uliivua, ukaibingirisha hadi miguuni kwa kidato cha kwanza, na shule nzima ikautazama upara wa Mkuu ukiwa umejaa madoa meusi kama mgongo wa kanga. Hakuna aliyecheka. Wanafunzi wote waliinamisha vichwa wakakagua viatu vyao kwa uchungu mkubwa.

Madoa hayakuwa ya Mkuu peke yake. Waigizaji wote waliocheza wapiganaji jana yake walikuwa nayo usoni na mikononi. Mgeni rasmi, Bwana Edward, mwenye makarasha ya kusaga mawe ya dhahabu kule Segese, alikuwa nayo kwenye paji la uso, puani na kwenye sikio moja. Alirudi shuleni kabla hata chai haijaiva, akishuka kwenye gari lake huku akipiga kelele.

"Nimemwagiwa sianidi! Nimemwagiwa sianidi mbele ya bendera ya taifa!"

Katika nchi ya dhahabu, kitu chochote chenye majimaji kisichojulikana ni sianidi mpaka ithibitike vinginevyo. Na aliyemwaga alijulikana. Jana, mbele ya mamia ya watu, Makoye wa kidato cha nne alikariri shairi alilolitunga mwenyewe kuhusu Vita vya Maji Maji. Alicheza nafasi ya hongo, yule mjumbe aliyepita vijijini akigawa maji ya dawa ili risasi za Wajerumani zigeuke maji. Alichovya tawi la majani kwenye beseni, akawanyunyizia wapiganaji wake, kisha akashuka hadi meza kuu akawanyunyizia wakubwa. Walipiga makofi. Bwana Edward alipiga makofi kuliko wote.

Baba yake Makoye ni mlinzi kwenye mtambo wa kuoshea mchanga wa dhahabu kwa sianidi. Makoye alikuwa ametoka nyumbani kwao Jumapili. Chumba cha walimu kikajumlisha hayo mawili, na kabla ya chai kwisha kesi ilikuwa imekwisha pia. Bodi ya nidhamu ingekaa baada ya chakula cha mchana kumfukuza shule. Mitihani ya taifa ilikuwa Novemba. Na baada ya bodi, alisema Bwana Edward, polisi.

Ni hapo kiranja wa usafi, Melania Bujiku wa kidato cha tatu, alipobisha hodi ofisini kwa Mkuu.

"Shikamoo Mkuu."

"Marahaba. Kama umekuja kuhusu vyoo vya wavulana, leo sina nafasi."

"Nimekuja kuhusu kichwa chako, Mkuu. Naomba kukiangalia."

Mwalimu George alimkazia macho. Melania hakupepesa. Alikuwa msichana mfupi mwenye sauti nzito, na kwa miaka mitatu alikuwa ameikagua mitaro ya shule ile kwa ukali uliompatia jina la Afande Fagio. Mkuu akavua kofia.

Melania alisogea karibu. Madoa hayakuwa na uvimbe. Hayakuwa na malengelenge. Yalikuwa meusi yenye rangi ya kahawia pembeni, bapa, kama yamechapwa.

"Yanauma, Mkuu?"

"Hayaumi. Yanatia aibu."

"Umeosha na nini?"

"Na kila kitu kinachouzwa dukani."

"Basi si sianidi," alisema Melania. "Sianidi haichori mtu, inamuua. Madoa haya nimeyaona maisha yangu yote. Mjomba wangu Mwigulu ananunua dhahabu Segese. Akitaka kuisafisha, anaichemsha kwa esidi, ile fedha iliyochanganyika na dhahabu inayeyuka. Yakimrukia yale maji, siku hiyo hayaonekani. Akipigwa na jua, ncha za vidole zinakuwa hivi hivi. Ni fedha hiyo, Mkuu."

"Fedha," alirudia Mkuu.

"Una fedha kichwani."

Mkuu wa Shule alirudisha kofia mahali pake. "Una mpaka chakula cha mchana. Na neno hilo usilirudie nje."

*

Mshtakiwa alikuwa ameketi juu ya tranka lake getini. Godoro lilikuwa limekunjwa na kufungwa kamba. Mlinzi alimruhusu Melania kuzungumza naye, kwa sharti kwamba waongee kwa sauti.

Makoye alikuwa kijana mrefu wa Kisukuma ambaye hata akiomba chumvi alionekana kama anakariri. Uso wake ulikuwa na madoa kuliko wote, maana alikuwa amejinyunyizia mwenyewe kwanza, kama hongo yeyote mwaminifu.

"Afande Fagio," alisema. "Umekuja kufagia mabaki?"

"Jibu maswali. Maji uliyachota wapi?"

"Bombani. Bweni zima liliniona. Walikuwa wanasubiri kuoga, wakanitukana."

"Ukayaweka kwenye nini?"

"Beseni jeupe la bati, lile la jikoni, lenye ua jekundu limechorwa chini. Nikaliweka nyuma ya jukwaa, nikaenda kujipanga mstarini. Kisha wimbo wa taifa, kisha hotuba, kisha sisi."

"Uliyaonja?"

"Maji ya bomba letu nayajua, Melania. Chai yake haihitaji sukari, inahitaji ndizi. Chumvi tupu."

Melania aliitikia kwa kichwa. Kisima kirefu cha shule kilikuwa maarufu. Wageni wakinywa maji yake huuliza kama bahari iko karibu.

"Nani alikuchukia?"

"Charles. Alitunga shairi lake kuhusu vita hivyo hivyo, likashindwa. Alisema waliopigana walikuwa wajinga kuamini maji. Mimi nikajibu kwenye ubeti wa tatu." Akanyoosha mgongo, na mlinzi wa geti, bila kuombwa, akazima redio yake.

"Walikunywa wakapaka, wakidhani ndiyo kinga,
Bunduki zikatamka, wakaanguka wachanga,
Vyakula vikatoweka, njaa ikaja kuchunga,
Nani leo awacheka, hali yeye hakupinga?"

"Mbona liliisha ghafla jana?" aliuliza Melania. "Nilikuwa nimejiandaa kupiga makofi, nikakuta mmeshainama."

"Kuna ubeti wa mwisho ulikatwa. Mwalimu Benjamini aliukata. Alisema baada ya ule mgomo wetu wa uji kushindwa mwezi uliopita, waliogoma watadhani nawazungumzia wao."

Mwalimu Benjamini alifundisha kemia na alisimamia nidhamu, na kwa kazi zote mbili alitumia kipimo kile kile: kitu kikibadilika rangi, kina hatia.

"Ubeti huo nani aliusikia?"

"Yeye tu. Nilimsomea Alhamisi ya wiki iliyopita, stoo ya maabara."

"Mlikuwa wawili?"

"Wawili. Na Eunice alikuwepo anaosha vyombo, lakini yule alikuwa kazini."

Eunice alikuwa kiranja wa maabara. Alilala kitanda cha chini, Melania cha juu. Waligawana sabuni, ndoo na siri tangu kidato cha kwanza.

"Nisomee na mimi," alisema Melania.

Makoye akamsomea, safari hii kwa sauti ndogo. Mlinzi alilalamika kwamba hasikii.

*

Charles alipatikana nyuma ya jiko akipukuchua mahindi kwa adhabu isiyohusiana na kesi hii. Uso wake ulikuwa safi kama sahani. Kwa mpelelezi, uso safi siku ile ulikuwa jambo zito.

"Kila aliyekuwa jukwaani ana madoa," alisema Melania. "Wewe huna."

"Mimi nilikuwa Mjerumani."

"Kwa hiyo?"

"Kwa hiyo, Afande, Mjerumani hakupakwa dawa! Soma historia. Ningejipaka, risasi ningepigwa na nani?"

"Ulimchukia Makoye."

"Namchukia mpaka sasa. Ana vina vizuri." Charles alitupa gunzi kwenye kikapu. "Lakini sikumfanyia kitu. Ningetaka kumharibia, ningemkatisha jukwaani kwa kukohoa. Nina kikohozi maalumu."

"Ulisimama wapi wakati wa wimbo wa taifa?"

"Mstarini, nimekakamaa kama wewe. Nani anageuka wakati wa wimbo wa taifa? Hata nyuki akikuuma unamwacha amalize." Akafikiri. "Baada ya wimbo nilikwenda nyuma ya jukwaa kuchora ndevu. Mkaa ninao, kioo sina. Nikajitazama kwenye beseni la Makoye."

Melania alisimama wima. "Ulijiona?"

"Nilijiona, nikajiogopa."

"Maji yalikuwaje? Usiongeze, usipunguze."

"Maji ni maji, we nyanda."

"Mimi si nyanda, nyanda ni mvulana, na wewe ni shahidi. Yalikuwa meupe ya maziwa, au yalionyesha chini?"

Charles alikunja uso. "Yalionyesha. Nililiona lile ua jekundu. Ndevu zangu zilikaa juu ya ua, nikasema huyu Mjerumani amechumbiwa."

"Una hakika na ua?"

"Nitaapa popote. Kwani nimejitoa au nimejifunga?"

"Umejitoa," alisema Melania, akageuka kuondoka. "Na hayo mahindi yapepete, yana vumbi."

Alikwenda moja kwa moja nyuma ya jukwaa. Jukwaa lilikuwa la mbao, limezungushiwa vitenge, na nyuma yake palikuwa na udongo mwekundu alioufagia mwenyewe usiku wa kuamkia sherehe. Alipiga magoti. Hatua chache kutoka alama ya duara iliyoachwa na beseni, chini ya mchongoma, ardhi ilikuwa imepasuka kidogo, kama pale maji mengi yanapomwagwa mara moja na kukaushwa na jua la Julai. Ukingoni mwa mpasuko kulikuwa na mstari mweupe mwembamba. Melania aliugusa kwa kidole, akakiweka ulimini.

Chumvi.

Kwa hiyo maji ya Makoye hayakutiwa kitu. Yalimwagwa yote, na beseni likajazwa maji mengine. Na lilijazwa wakati shule nzima, walimu wote na mgeni rasmi walikuwa wameipa kisogo sehemu ile, wamekakamaa, wanaitazama bendera.

*

Maabara ilikuwa chumba kimoja kirefu chenye harufu ya gesi na viatu. Mwalimu Benjamini hakuwepo. Eunice alikuwepo kwenye sinki, anaosha mirija ya majaribio, amevaa glavu za njano za mpira.

Melania alisimama mlangoni akazitazama glavu hizo. Tangu kidato cha kwanza Eunice alikuwa ameosha mirija, masufuria, soksi na hata tenki la choo kwa mikono mitupu, akijigamba kwamba ngozi yake haina woga.

"Nahitaji silva naitreti, ile dawa ya fedha," alisema Melania. "Kidogo. Nina kibali cha Mkuu."

Eunice alikausha glavu kwenye sketi bila kuzivua. Alifungua kabati kwa ufunguo uliokuwa shingoni mwake, akatoa chupa ya kahawia. "Mwalimu aliikuta imepungua asubuhi. Akasema ni yeye aliyezidisha kwenye majaribio ya kidato cha nne. Kidole gumba chake ni cheusi tangu muhula uliopita, hukumbuki?"

"Nakumbuka. Ndiyo maana nilidhani ni yeye, kwa muda kama wa kutembea kutoka jikoni mpaka hapa."

"Na sasa?"

"Sasa nataka kufanya majaribio. Simama hapo uwe shahidi."

Alipanga mirija mitatu. Wa kwanza alitia maji ya bomba. Wa pili maji ya chupa, yale yaliyobaki kwenye meza kuu jana. Wa tatu alitia maji kutoka dumu kubwa lililokuwa chini ya meza, yale ambayo madereva huita maji ya betri: maji yaliyochemshwa na mvuke wake kukusanywa, yasiyo na chembe ya kitu. Kila mmoja akaudondoshea silva naitreti.

Maji ya bomba yaligeuka meupe pale pale, mazito kama uji wa mchele. Maji ya chupa yalifanya ukungu. Maji ya betri yalikaa vile vile, yanapitisha mwanga wa dirisha mpaka ukutani.

"Tulifundishwa kidato cha pili," alisema Melania. "Ikikutana na chumvi, inakuwa nyeupe. Charles aliona ua jekundu chini ya beseni. Kwa hiyo hayakuwa maji ya bomba, na hayakuwa ya chupa. Mvua haijanyesha tangu Mei. Dumu hili lilikuwa limejaa wiki iliyopita, nililisogeza mimi nikifagia, likanivunja kiuno. Leo nimelisogeza kwa mguu."

Eunice alikuwa anaitazama mirija. Nje, mtu alikuwa anapiga pampu ya baiskeli.

"Waliokuwa na ufunguo wa kabati ni wawili," aliendelea Melania. "Na walioujua ubeti wa mwisho, ukimtoa Makoye, ni wawili hao hao. Mwalimu Benjamini aliukata. Aliyeukata hawezi kuwa ndiye aliyeutekeleza."

"Umeusikia?" aliuliza Eunice.

"Makoye amenisomea leo. Vua glavu."

Eunice alivua ya kushoto, kisha ya kulia. Ncha za vidole vyake vyote zilikuwa nyeusi, kama za mjomba Mwigulu siku ya soko.

"Ulitaka kumuua nani?" Melania alisema kwa ukali.

"Hakuna! Nilipima. Ilikuwa nyepesi, haichubui, inachora tu. Nilijijaribia mguuni wiki nzima kabla." Eunice aliketi kwenye stuli. "Wewe hukumsikia alivyousoma humu stoo. Nilikuwa nimeshika mrija, nikausahau mkononi. Halafu Mwalimu akachukua kalamu akapiga mstari. Hivi tu. Akasema, endelea na usafi, Eunice. Nikasema moyoni, sawa, hausomwi kwa mdomo, basi utasomwa kwa ngozi. Wote, mkubwa na mdogo, waamke nao usoni waulizane."

"Na Makoye?"

"Nilidhani watajua ni kemikali ya shule, watatupiga viboko darasa zima, basi. Nani angefikiria sianidi?"

"Watu wote wa wilaya hii, Eunice. Watu wote."

"Nilitaka kusema asubuhi. Nikamsikia yule mzee anataja polisi, miguu ikakataa."

Kengele ya chakula ililia.

"Nakwenda kwenye bodi," alisema Melania. "Nitaonyesha mirija hii. Itamtoa Makoye. Kisha wataniuliza ni nani, na nitasema, kwa sababu nikinyamaza watachagua mwingine wa kumkalisha juu ya tranka. Lakini watakuwa hawajaniuliza bado wakati naonyesha."

"Muda gani huo?"

"Mirija mitatu," alisema Melania, akaibeba.

*

Bodi ya nidhamu ilikuwa na watu watatu na upara mmoja. Mkuu wa Shule alikaa katikati, kofia mezani, kwani hakukuwa na la kuficha tena. Kulia kwake Mwalimu Benjamini. Kushoto Bwana Edward, ambaye si mjumbe, lakini alikuwa amejenga paa la chumba kile na hakuna aliyejua namna ya kumwambia atoke chini yake. Makoye alisimama mbele yao, mikono nyuma.

"Nina la kuonyesha kabla hamjaanza," alisema Melania.

"Tumeshaanza," alisema Mwalimu Benjamini.

"Basi kabla hamjamaliza."

Alionyesha. Maji ya bomba yaligeuka uji. Alieleza ua jekundu, chumvi chini ya mchongoma, wimbo wa taifa. Hakuharakisha, na hakuongeza chumvi isiyokuwepo. Alipofika kwenye vidole vya mjomba wake, Bwana Edward alisogeza kiti.

"Subiri, binti. Vidole vya wanunuzi wa dhahabu?"

"Ndiyo, Mzee. Vijana wako wa kusafisha dhahabu nao wanavyo. Huwaoni kwa sababu wanakusalimia wakiwa wamefumba mikono."

Bwana Edward aligusa sikio lake lenye doa. Sianidi iliondoka machoni pake taratibu, na mahali pake pakabaki mtu aliyepiga kelele getini bure.

"Kwa hiyo kijana huyu alichota maji ya bomba," alisema Mkuu, "na mtu akayabadilisha bila yeye kujua."

"Ndiyo, Mkuu."

"Mtu mwenye ufunguo wa kabati langu," alisema Mwalimu Benjamini polepole, akikitazama kidole gumba chake kana kwamba kimemsengenya.

"Nani?" aliuliza Mkuu.

Melania alivuta pumzi. Alikuwa amejiandalia sentensi hiyo tangu maabara, na ilikuwa fupi kuliko zote alizowahi kusema. Alifungua mdomo.

"Mimi hapa," ilisema sauti mlangoni.

Eunice aliingia bila glavu. Aliinyoosha mikono mbele, viganja juu, kama mtoto anayekaguliwa kucha. "Shikamooni. Makoye hakujua. Melania hakujua mpaka leo. Nilifanya peke yangu."

"Kwa nini?" Mkuu alinyanyuka. "Kwa nini umchore mkuu wako wa shule kama kanga?"

Eunice alimtazama Makoye, kisha akatazama ukuta juu ya vichwa vya wakubwa, akasema ubeti ambao hakuna aliyemwomba:

"Maji hayakuwa ngao, yalikuwa ni alama,
Wageni kwa lugha zao, kwa tone wakasimama,
Risasi mwilini mwao, zilipita zikazama,
Hata leo doa lao, ukioga linasema."

Kiti cha Mwalimu Benjamini kililia. Yeye alikuwa anatazama meza.

Bwana Edward ndiye aliyesema kwanza, na hakupiga kelele. "Hawa watoto wanajua mimi natoka wapi?"

"Segese, Mzee," alisema Makoye.

"Segese nimefika mtu mzima, na sururu begani. Mimi ni Mngoni. Nimezaliwa Songea." Alitoa leso, akajifuta paji la uso kwa mazoea ya siku ile nzima, akaitazama leso: ilikuwa safi. "Asubuhi mama yangu alinipigia simu ya picha. Bibi wa miaka mingi yule. Akaniona hivi. Nikamwambia nimemwagiwa sumu shuleni. Akauliza walikuwa wanafanya nini. Nikamwambia, ah, mchezo wa Maji Maji. Akaniambia, 'Babu yangu Wajerumani walimnyonga pale mjini Songea, na wewe hujawahi kuniuliza jina lake.' Nikakata simu nikaja hapa kutafuta polisi."

Hakuna aliyejua pa kuangalia. Mkuu wa Shule alichagua kofia yake.

"Polisi waacheni," alisema Bwana Edward. "Hilo ni langu, nimelitoa. Mengine ni yenu."

Mengine yao yaliamuliwa kwa taratibu zote. Makoye alirudishwa darasani mara moja, bila doa katika kumbukumbu zake, hata kama usoni madoa yalibaki. Eunice alinyang'anywa ufunguo wa maabara, na angemwagilia miti yote ya shule kwa ndoo, asubuhi na jioni, mpaka upara wa Mkuu utakapokuwa safi. Mkuu alisema atakagua mwenyewe kwa kioo. Mwalimu Benjamini aliandika hukumu hiyo, akafika mwisho, akakaa na kalamu hewani.

"Na ule ubeti, Mkuu?"

Mwalimu George alivaa kofia, akaivua, akaiacha mezani.

"Utasomwa Jumatatu, paredi. Aliyeutunga ausome." Alimnyooshea Makoye kidole. "Bila maji."

*

Getini, mlinzi alisaidia kumtwika Makoye tranka. Godoro alilibeba Melania, kwa kuwa lilikuwa na vumbi na hakuweza kulivumilia.

"Wabeja, Afande," alisema Makoye.

"Usinishukuru. Umeacha majani ya tawi lako nyuma ya jukwaa. Yaokotwe kabla ya jioni."

Kwenye bomba la bweni la wasichana, Eunice alikuwa tayari amejaza ndoo ya kwanza. Melania alinawa vumbi la godoro kando yake. Ndipo alipoliona: kwenye kidole chake cha shahada, pale tone lilipodondokea wakati wa majaribio, jua la mchana lilikuwa limefanya kazi yake. Doa jeusi, dogo kama mbegu ya mchicha.

Alilisugua kwa sabuni. Akalisugua kwa mchanga. Akalisugua tena, kwa hasira ya kiranja wa usafi ambaye hajawahi kushindwa na uchafu wowote shuleni.

Eunice alimtazama mpaka Melania alipochoka. "Limesema nini?"

Melania alisuuza kidole. Alichukua ndoo ya pili, akaiweka chini ya maji, akasubiri ijae.

"Limesema miti ni mingi. Tuanzie upande wa jukwaa."